Alama za Penseli Kwenye Mwimo wa Mlango

Jumanne saa tatu kasorobo asubuhi, wapiga fidla walipanga foleni bila viatu kwenye mlango wa chumba chao nyuma ya jukwaa, Budapest. Bi Franciska, mtunza noti za muziki, alimwekea kila mmoja rula utosini, akachora mstari wa penseli kwenye mwimo, akaandika jina na tarehe. Alikuwa akifanya hivyo tangu mwaka 1927, Maestro Vajthó alipokabidhiwa kuongoza okestra. Kila aliyetukanwa na Maestro mazoezini alipungua urefu kwa unene wa kidole kimoja, na mshonaji wa makoti ya jukwaani alihitaji vipimo.

Aliyepungua alipiga vizuri zaidi. Hilo hakuna aliyelibishia. Magazeti yaliandika kwamba mkono wa chuma wa Vajthó unakamua dhahabu. Hayakuandika unaikamua kutoka kwa nani. Mwaka 1934 watu kumi na mmoja waliandika barua ya malalamiko kwa bodi, na waliokataa kutia sahihi ni wale waliokuwa wafupi kuliko wote. Walisema wenzao wana kijicho tu.

Mpiga fidla Bódog Karsai naye hakutia sahihi, ingawa kijicho chenyewe kilikuwa chake. Miaka kumi na moja mstari wake ulikuwa palepale. Na Ijumaa hii walikuwa wanarekodi santuri. Fidla kumi na mbili tu zingeingia, na Maestro alizichagua kwa kusoma mwimo kuanzia chini kwenda juu.

Bódog alishiriki stendi moja ya noti na Etelka Dombi. Kwa desturi, anayekaa upande wa ndani ndiye anayefunua karatasi. Anapofunua yeye huacha kupiga, mwenzake akaendelea peke yake. Wa ndani alikuwa Bódog. Etelka alikuwa anamfika kiunoni, na fidla yake aliisimamisha katikati ya magoti. Akipiga, wazee wa safu za mbele walivua miwani wakafuta macho.

"Kaka Bódog, nipandishe," alisema kila asubuhi, naye akamshika kwapani akamkalisha juu ya vitabu vitatu vya simu, huku akipima kwa mikono yake amepungua kiasi gani.

"Jana mwanangu kanibeba ngazi zote hadi ghorofa ya tatu," Etelka alimwambia Jumatano. "Hata hakuhema."

"Bahati yako."

"Bahati gani, kaka?"

"Wewe angalau unasikika."

Mazoezi yakaanza. Walipofika chini ya ukurasa, Bódog alifunua karatasi mistari miwili kabla ya wakati. Etelka akapoteza noti zake, fidla yake ikanyamaza katikati ya wimbo. Kijiti cha Maestro kikasimama hewani. Bódog akainua kidevu, tayari kupokea tusi.

"Mama Dombi," alisema Maestro, "hayo macho umeyakaanga na vitunguu? Nguruwe wa baba yangu walisoma noti vizuri kuliko wewe."

Etelka akapungua pale pale kwenye kiti, si kidole kimoja bali vingi, kwa kuwa kila nguruwe alihesabiwa kama tusi moja. Vitabu vya simu vikabaki na nafasi. Bódog akasimama, akasema aliyekosea ni yeye, ndiye aliyefunua mapema.

Maestro akamtazama kwa upole, jinsi anavyotazamwa mtu aliyekosea mlango.

"Samahani, bwana. Wewe ndiye fundi wa taa?"

Wenzake wakacheka. Bódog akaeleza kwamba anapiga fidla hapo tangu 1927. Maestro akamwomba radhi tena, akamwambia aketi, hakuna neno.

Baada ya mazoezi Etelka alienea ndani ya sanduku la fidla yake. Fidla yenyewe akaibeba mtu mwingine. Bódog akajitolea kumfikisha kwake kwa tramu, akamwekea na kipande cha mkate wa mbegu za mpopi.

"Ulitaka akutukane wewe," Etelka alisema kutoka ndani.

"Ndiyo."

"Mimi je?"

Bódog akashusha kifuniko, akaacha upenyo wa hewa.

Ijumaa walipimwa tena. Etelka alikuwa wa kwanza. Mstari wake ulikuja chini kabisa, karibu na sakafu, na Bi Franciska alilazimika kupiga magoti kuuchora. Foleni nzima iliutazama mstari ule, wengine wakimeza mate. Kisha akaja Bódog. Akabana mgongo kwenye mwimo, akakunja magoti kidogo ndani ya suruali yake pana.

Bi Franciska aliangalia magoti, kisha uso.

"Bwana Karsai, simama vizuri."

"Nimesimama."

Mama yule alikuwa na majina ya miaka kumi na moja mbele yake, na Maestro alikuwa anasubiri orodha. Akaweka rula pale kichwa kilipofika, akachora.

Nyuma ya Bódog, mmoja baada ya mwingine, foleni ikaanza kukunja magoti.