Nguzo ya Saba

Jumanne, saa kumi na robo alasiri, Winifrida alikuwa jikoni kwake Lewisham akimenya ndizi za kupika, mikono ameipaka mafuta ili utomvu usimnate. Binti yake Kemilembe akarudi kutoka shule, akakaa kwenye stuli kuvua viatu. Cha kushoto kilitoka. Cha kulia kilitoka pia, ila soksi yake ikagoma. Winifrida alijifuta mikono, akachukua mkasi, akaikata soksi kuanzia kifundoni. Vidole vyote vitano vya mguu ule vilikuwa mbao.

Hazikuwa mbao za dukani. Zilikuwa za mvule, kahawia iliyokolea, nyuzi zake zimenyooka hadi kwenye kucha. Winifrida alizaliwa Nyarwele, magharibi ya ziwa, akalelewa na bibi aliyekuwa akiutaja mvule kwa adabu kama anayemtaja mkwe. Alikigonga kidole gumba. Kililia ko, ko.

"Inauma?"

"Not really," alisema Kemilembe. "It's just heavy."

Mtoto alikuwa na miaka kumi na mitano. Alizaliwa katika hospitali ambako mama yake alifanya kazi ya kuwasaidia wauguzi, na Kiswahili alikielewa chote ila hakukijibu hata siku moja. Alikula ndizi zake, akafanya homework ya hesabu, akaenda kuoga. Winifrida alibaki na mkasi mkononi. Aliogopa, tena sana, kwa sababu mbao zile alijua ameziona wapi.

Wiki tatu nyuma, jumba moja la makumbusho katikati ya jiji lilikuwa limefungua onyesho la kasri la wafalme wa Nyarwele. Kasri lenyewe lilikuwa la mbao tupu, nguzo kumi na mbili na msumari hata mmoja hakuna, na kwa miaka mia mbili lilisimama juu ya kilima chake. Kisha akaja afisa wa Kiingereza na askari wake, akalipenda. Angekuwa amempenda mtu, ingekuwa posa. Kwa kuwa ilikuwa nyumba, aliamuru ifunguliwe kipande kwa kipande. Kila gogo lilipigwa namba kwa rangi nyeupe, likasafirishwa, likalala ghalani London zaidi ya miaka mia.

Watu wa Nyarwele walioko Uingereza wana chama chao, na mwenyekiti wao ni Ta Laurean, dereva wa treni mstaafu. Aliandika barua kwa miaka thelathini na mmoja mpaka magogo yakatolewa na kusimamishwa tena. Siku ya ufunguzi alihutubia akilia. Alisema kasri lile lilikuwa mahakama, lilikuwa makao ya ngoma za ufalme, na kwamba kila ukoo ulikuwa na nguzo yake humo. Mtoto aliyepotea vitani aliweza kupelekwa ndani, akaonyeshwa nguzo ya kwao, akajua yeye ni nani. Watu walipiga makofi kwa muda mrefu.

Baada ya hotuba Winifrida aliitafuta nguzo ya ukoo wake wa Barenzi. Ilikuwa ya saba, kando ya mlango wa chumba cha mfalme. Kwenye usawa wa mabega ilikuwa na mbonyeo laini, na kibao cha maelezo kilisema huenda ulisababishwa na kamba. Akafanya kama bibi yake alivyomfundisha, maana mtu aliyelelewa hapiti mbele ya nguzo ya kwao bila kusalimu. Alipiga magoti, akautaja ukoo wake, akamtaja binti yake wa kwanza, akasema, "Tupo." Bibi hakuwahi kumwambia salamu ile ni ya kazi gani. Kemilembe mwenyewe wakati huo alikuwa nje akinunua chipsi.

Sasa Winifrida alipiga simu.

"Ta Laurean, shikamoo."

"Marahaba, Ma Winifrida."

"Kemi, mguu wake umekuwa mvule."

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa taratibu.

"Ulimtaja?"

"Nilimtaja."

"Jina lake lote?"

"Lote, Ta. Si ndivyo inavyotakiwa?"

"Ndivyo," alisema mzee, akahema. "Ndivyo hasa."

Alimweleza kama mtu anayeelekeza njia ya stesheni. Nyumba isiyo na misumari lazima ishikwe. Kila ukoo ulitoa binti mmoja, akaegemezwa kwenye nguzo ya kwao, na kwa mgongo wake paa likakaa. Alisimama hapo mpaka mfalme afe, au afe yeye, na hapo akatajwa mwingine. Wazee wote walijua. Ule mbonyeo haukuwa wa kamba.

"Na siku ile hukusema? Ulihutubia dakika arobaini!"

"Nisikilize, Ma. Tunadai lirudi kwetu. Tukianza habari za mabinti, hawa watasema, mnaona, bora likae hapa. Tutakuwa tumewapa sababu sisi wenyewe."

"Na mwanangu?"

"Tungoje kwanza. Ila nakuomba, usiandike kitu kwenye grupu la WhatsApp."

Jumatano mvule ulifika kifundoni. Alhamisi ulikuwa magotini, na mguu wa kushoto ulikuwa umeshaanza. Daktari wa mtaani aliutazama, akaugonga, akaandika kwamba ngozi ni kavu. Aliwapa mafuta ya kupaka na barua ya kwenda kwa mtaalamu baada ya wiki kumi na nane. Shuleni walimsamehe michezo. Dereva wa basi alimshushia ubao wa viti vya magurudumu bila kuombwa. Winifrida alimkanda binti yake kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na kila alipokanda aliona mbao zinazidi kung'aa. Alikuwa akikanda huku akiomba rozari.

Ijumaa alifunga mlango kwa ufunguo na komeo, akatandika godoro lake kizingitini. Asubuhi kitanda cha Kemilembe kilikuwa kitupu. Komeo lilikuwa mahali pake na madirisha yote yamefungwa. Kwenye zulia kulikuwa na mstari mwembamba wa unga wa mbao uliokwenda moja kwa moja hadi ukutani, na nje, upande wa pili wa ukuta, mstari uliendelea juu ya lami kuelekea stesheni. Winifrida alivaa koti juu ya gauni la kulalia akaufuata.

Mlangoni mwa onyesho alisimama Anne-Marie, mama wa Bukavu aliyeajiriwa kuwalinda wageni wasiguse vitu.

"Mama, ule wa namba saba ni wako?" aliuliza. "Alikuya saa ine, tulipofungula tu. Nikamuambia, mutoto, usiegemee. Kisha nikaona haegemei. Ameingia."

Kemilembe alikuwa ameingia kweli. Mabega yake yalienea kwenye mbonyeo wa nguzo kama kijiko kinavyoenea ndani ya kijiko kingine. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa mvule. Uso ulikuwa wake, na masikioni bado alikuwa na vile visikilizio vyake vyeupe. Vyuma ambavyo mafundi wa makumbusho walikuwa wameshikizia paa vilikuwa vimefunguka vyenyewe, na bolti zake Anne-Marie alikuwa amezifagia na kuziweka ndani ya ndoo.

Winifrida alimkamata binti yake kwapani akavuta. Juu, paa likalia, vumbi likamwagika.

"Mum, stop! It moves!"

Akaacha. Akapiga magoti, akataja jina lake mwenyewe, la ubatizo na la ukoo, mara tatu. Alizunguka nguzo akatafuta pa kuweka mgongo, hapakuwapo. Mbonyeo ulikuwa mmoja tu, nao ulichongwa kwa mabega ya msichana. Mvule haukumjali. Alilia kwa sauti, na wageni wawili wakasogea pembeni ili wasome kibao.

Bwana mmoja wa idara ya hifadhi, Eddie, alikuja na glavu na futi ya kupimia. Alikuwa na adabu nyingi. Alimpima Kemilembe urefu na upana, akaeleza kwamba kitu kikishaungana na mali ya makumbusho sheria haimruhusu kukibandua, na kamati ya mambo hayo itakaa majira ya kuchipua. Kwa sasa angempa mama kiti, pamoja na pasi ya kuingia bila kupanga foleni. Kibao nacho kingerekebishwa, ila maneno yatoke kwa jamii yenyewe. Wakamwita Ta Laurean.

Mzee alifika na suti yake ya siku ya ufunguzi. Alimtazama Kemilembe, akavua miwani, akaivaa tena.

"Andika ukweli, Ta," alisema Winifrida.

"Kasri likifika nyumbani tutaandika."

Akachukua kalamu, akaandika: *Binti wa heshima, ukoo wa Barenzi.* Jumatatu kibao kipya kilikuwa ukutani, nacho kilikuwa kizuri.

Basi Winifrida alizoea, kama watu wanavyozoea mambo London. Kila siku akitoka zamu alikwenda kwenye nguzo ya saba na chakula ndani ya kontena, akamlisha binti yake kwa kijiko. Shule ilituma kazi za nyumbani kwa barua pepe. Watoto wa shule nyingine waliletwa kwa mistari, wakachora kasri kwa penseli, na baadhi walimchora Kemilembe. Alhamisi mvule ulifika kifuani. Midomo ya mtoto ilikuwa imepauka, na pumzi aliivuta kidogo kidogo.

"Ni zito sana?" aliuliza mama.

"Nabeba lote peke yangu, Mama," alijibu Kemilembe kwa Kiswahili.

Kwa miaka kumi na mitano Winifrida alikuwa ametamani kusikia mwanawe akimjibu kwa lugha yake. Kijiko kilimponyoka.

Jumapili, baada ya misa, chama kilileta watu wake waliokosa ufunguzi, kutoka Ilford na Walthamstow. Ta Laurean aliwaongoza, akawaeleza habari za mahakama na ngoma, akawapitisha haraka kwenye nguzo ya saba. Alimwona Winifrida kwenye kiti chake, akageuza macho. Mwanamke mmoja alibaki nyuma. Aliitwa Paskazia, wa ukoo wa Bahwege, na nguzo yao ilikuwa ya nane. Mlangoni binti yake wa kwanza, wa miaka kumi na mitatu, alikuwa akicheka na simu yake.

"Ma Winifrida," alisema Paskazia kwa haya, "bibi alitufundisha salamu ya nguzo, lakini nimesahau. Naona aibu kupita hivi hivi. Inaanzaje?"

Paa lililia. Winifrida alimtazama msichana aliyesimama mlangoni. Akamtazama wa kwake. Mvule ulikuwa umeshapanda shingoni, umefika chini ya kidevu, na macho ya Kemilembe yalikuwa yakimwangalia bila kupepesa.

"Nipe mkoba nikushikie," alisema Winifrida. "Piga magoti kwanza. Kisha taja ukoo. Halafu binti yako wa kwanza, jina lake lote."

Paskazia alitaja vizuri, kwa sauti ya kusikika. Juu yao paa likatulia kidogo, na Kemilembe akavuta pumzi ndefu.