Bakuli la Kwanza Hukatwa

Kabla wanafunzi hawajamaliza kufunga aproni, Fundi aliwaambia kwamba bakuli la kwanza halichomwi. Hukatwa katikati kwa waya, mbele ya wote, ili mwenyewe auone ukuta wake.

"Msinichukie," alisema. "Ukilitazama bakuli kwa nje, umbo linakudanganya. Ukilikata unaona wapi pamekuwa pazito na wapi pembamba. Vidole vyako vilikuwa vinasikia nini, hapo ndipo panaonekana."

Wanafunzi walikuwa sita, na watano walicheka. Muuguzi hakucheka. Alikuwa ameketi mwisho wa meza, karibu na sinki, mkono wa kulia ameulaza mapajani.

Aliyemleta ni wifi yake, dada wa mumewe. Wifi alikuwa msusi, mtu wa maneno mengi na mikono ya haraka. Alikuwa amejiandikisha darasa hili la wanaoanza ufinyanzi pamoja na mteja wake mmoja, na mteja akaghairi dakika za mwisho. Muuguzi alipoombwa kuziba pengo alikubali upesi mno, hata wifi akamtazama mara mbili. Hakumweleza sababu. Kwa wiki saba, kidole cha shahada na cha kati cha mkono wake wa kulia vilikuwa vikifa ganzi. Mwanzoni ilikuwa asubuhi tu, na ganzi ilikwisha akiukung'uta mkono. Sasa ilikuwa haiishi. Alitaka kujua imefika kiasi gani, na alitaka kulijua jambo hilo mahali ambapo kosa halina mgonjwa.

Alifanya kazi wodi ya watoto wachanga. Kwa miaka kumi na tisa, mshipa wa mtoto ukikosekana, aliitwa yeye. Mshipa wa mtoto wa kilo moja na nusu hauaminiki kwa kuutazama. Hutafutwa kwa ncha ya kidole cha shahada, kwa kubonyeza na kuachia, mpaka kitu chembamba kama uzi kikisukume kidole kutoka chini ya ngozi. Madaktari walimpa jina la Kidole. "Mwiteni Kidole," walisema, naye alikuja, akafumba macho sekunde chache, akaupata.

Siku nne zilizopita alidhani ameupata. Damu kidogo ilirudi kwenye kanula, ule mrija mwembamba unaoachwa mshipani, naye akaiamini. Akaifunga kwa plasta, akafungua dripu, akaenda kwa mtoto mwingine. Aliporudi baada ya dakika ishirini, mkono wa mtoto ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko. Maji yalikuwa yakiingia kwenye nyama. Yalikuwa maji ya chumvi tu, na uvimbe ulishuka kabla ya zamu kwisha. Ingekuwa mojawapo ya dawa kali, ngozi ya mkono ule ingekufa. Kwenye faili aliandika kwamba mtoto alitikisa mkono. Mtoto alikuwa amelala.

Kesho saa moja asubuhi alikuwa na zamu.

Fundi aligawa udongo. Ulikuwa wa kijivu, mabaki ya madarasa yaliyopita yaliyolowekwa na kukandwa upya. "Nimeuchuja, lakini mimi si mashine," alisema. "Mkihisi kitu kigumu, kitoeni, mkiweke hapa." Akaweka kifuniko cha kopo katikati ya meza.

Kila mmoja alichukua donge la ukubwa wa chungwa, akalipigapiga viganjani mpaka likawa duara, kisha akazamisha kidole gumba katikati hadi chini pakabaki unene wa kidole. Baada ya hapo kazi ilikuwa moja tu: gumba ndani, vidole nje, finya, zungusha kidogo, finya tena.

"Kila mfinyo uwe sawa na uliotangulia," Fundi alisema. "Sasa fumbeni macho."

"Fundi," alisema mzee mmoja, dereva wa malori aliyestaafu, "miaka thelathini nimelipwa ili nisifumbe macho."

"Hapa hutagonga mtu, baba. Fumba."

Muuguzi alifumba. Upande wa ndani, gumba lilipata ubaridi, unyevu na chembe za mchanga. Upande wa nje, ambako vidole viwili vilipaswa kulipokea gumba, hapakuwa na kitu. Hapakuwa na baridi wala joto, laini wala kigumu. Alijua vidole vipo kwa sababu kiwiko kilimwambia vilipo. Alifinya, akasubiri ukuta umjibu, akafinya kwa nguvu zaidi.

Akafumbua macho kwa siri. Bakuli lilikuwa bado mkononi. Wenzake wote walikuwa wamefumba, nyuso zimelegea kama za watu waliosinzia garini.

Tak. Mtu aliweka kokoto kwenye kifuniko. Tak, tak. Dereva alitoa kipande cha kigae, wifi akatoa kokoto mbili mfululizo. Muuguzi alihesabu. Ndani ya nusu saa viliingia vitu kumi na kimoja, kutoka kwa watu watano. Udongo wake ulikatwa kutoka donge lilelile. Kwa hesabu ya kawaida, fungu lake lilikuwa viwili. Alijiambia kwamba idadi ni ndogo na bahati inaweza kupinda. Ilikuwa hoja sahihi, naye hakuiamini. Kwapa zake zilikuwa zimelowa.

"Wewe umepewa udongo wa kifalme?" wifi alimuuliza. "Hata kokoto moja hujatoa."

"Bahati."

"Bahati gani, na hilo bakuli limekaa kama kiatu kilichonyeshewa!"

"Mwache mama wa watu," dereva alisema. "Wiki ijayo atafinyanga cha pili, iwe jozi."

Meza nzima ilicheka, na muuguzi akacheka nao kwa kuchelewa kidogo. Wifi aliacha kucheka kabla ya wengine. Alikuwa akimtazama mkono.

Fundi alianza kupita na waya. Ulikuwa mwembamba, wenye vishikio viwili vya mti. Aliuweka juu ya mdomo wa bakuli, akaushusha mara moja, na nusu mbili zikalala chali. Bakuli la dereva lilikuwa na kitako kinene kama tairi. La wifi lilikuwa na ukuta wa unene mmoja toka juu hadi chini, na Fundi alilitazama kwa muda.

"Umewahi kufinyanga?"

"Nimewahi kusuka," wifi alisema. "Kichwa cha mtu nacho kina mabonde yake."

Muuguzi aliwaza kuliangusha bakuli lake sakafuni. Aliwaza kusema simu inamwita. Fundi alipofika, muuguzi aliliziba kwa kiganja cha kushoto.

"Langu halijaisha."

"Halihitaji kuisha."

"Nilibonde tu, nianze upya."

"Ukilibonda hutajua," Fundi alisema bila ukali, akamwondoa mkono taratibu, akaweka waya.

Waya ulishuka theluthi moja ya ukuta, ukakwama. Fundi alivuta. Ukasikika mkwaruzo mfupi wa chuma juu ya chuma. Alivuta tena, akaacha, akaupanua udongo kwa vidole vyake viwili kwa uangalifu.

Ndani ya ukuta kilisimama kipande cha wembe. Kilikuwa nusu ya ukucha kwa ukubwa, upande mmoja umeliwa na kutu na wa pili bado unang'aa.

Kisha Fundi akaanza kusema haraka mno. "Nimekataza nyembe humu. Wote wanajua nimekataza. Nimechuja udongo huu kwa mikono yangu mwenyewe. Mama, nisamehe, mimi sijui..."

"Huo mstari ni nini?" dereva aliuliza.

Kuuzunguka wembe, udongo haukuwa wa kijivu. Mstari mwekundu, wa kuelekea kahawia, upana wa kidole, ulipita ndani ya ukuta na kupotea upande wa pili.

"Kutu," muuguzi alisema.

"Si kutu hiyo," wifi alisema. "Wifi, lete mkono."

"Ni kutu."

"Lete mkono nimesema!"

Udongo ulikuwa umeufunika mkono mpaka kwenye kifundo, na umeanza kukauka. Wifi alimsimamisha, akampeleka kwenye sinki, akafungua bomba. Maji ya kijivu yalishuka, kisha yakawa na rangi nyingine. Ncha ya kidole cha shahada ilikuwa imepasuliwa kwa urefu, sentimita moja na nusu, midomo ya kidonda iko wazi. Kidole cha kati kilikuwa na michano miwili mifupi. Udongo ulikuwa umeiziba yote. Sasa damu ilianza kutoka vizuri.

"Hukusikia?"

"Udongo ni wa baridi. Baridi inapunguza..."

"Wifi."

"Inapunguza hisia. Ni jambo linalojulikana."

"Mimi nikijichoma na sindano ya kushonea nywele naruka mpaka mteja anashtuka. Wewe umefinya wembe nusu saa nzima, ukacheka na utani wa kiatu." Wifi hakuwa anatania tena. "Tangu lini?"

Fundi alileta sanduku la huduma ya kwanza, na muuguzi alijifunga mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kwa mizunguko iliyo sawasawa, akisaidia kwa meno. Kazi hiyo ilimchukua dakika mbili, na katika dakika hizo aliyapitia yote anayoyajua. Mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Pingili za shingo. Sukari. Ule ugonjwa unaoanza kwa doa lisilosikia, ambao jina lake watu hawalitamki mezani. Baadhi hutibika kabisa. Baadhi, mgonjwa akichelewa wiki kadhaa, vidole havirudi. Elimu yote hiyo haikumpunguzia hofu. Ilimpa tu majina ya kuiita.

"Chukua kile kijiti cha kuchorea udongo," alimwambia wifi. "Nikifumba macho, niguse vidole vyote vitano, vile viwili uviguse shinani, bandeji inapoishia. Anza na kidole cha mwisho. Kimoja kimoja. Kila nikihisi nitasema."

"Hapa?"

"Hapa."

Aliweka mkono mezani, kiganja juu, kati ya mabakuli yaliyokatwa. Akafumba macho.

"Hapo," alisema. Kilikuwa kidole cha mwisho. Baada ya sekunde chache akasema tena, "Hapo." Kidole cha pete, upande mmoja wazi zaidi kuliko wa pili. Akakumbuka kwamba hiyo nayo ni dalili ya mshipa wa fahamu uliobanwa.

Alisubiri. Bomba halikuwa limefungwa vizuri na lilikuwa likidondoka. Dereva alisafisha koo. Kiti kilisogezwa.

"Endelea," alisema.

Matone manne, matano.

"Endelea basi, wifi. Mbona umesimama?"

Akasikia kijiti kikiwekwa mezani.

"Bado hujafika cha kati?"

"Nimeshapita," wifi alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Viwili hivyo nimevigusa, kisha nimevichoma. Vina alama. Sasa nimeshika gumba."

"Gumba nalisikia," muuguzi alisema. "Kwa mbali."

Alifumbua macho. Fundi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwanafunzi. Hakuna aliyemtania mtu.

Alimwomba wifi ampigie namba ya msimamizi wa wodi na kumshikia simu sikioni.

"Kidole!" msimamizi alisema. "Siku ya mapumziko na bado unanitafuta?"

"Sista, nitoe zamu ya kesho."

"Unaumwa?"

"Vidole viwili havisikii. Mkono wa kulia."

"Tangu lini?"

Angeweza kusema leo. Wembe ulikuwa mezani, shahidi wa kutosha. "Wiki saba," alisema. Kisha, kabla hajapata nafasi ya kufikiri, "Na yule mtoto wa kitanda cha sita, aliyevimba. Niliandika alitikisa mkono. Alikuwa amelala. Sikupata mshipa, na sikujua kwamba sijapata."

Alisikia mlango wa ofisi ukifungwa kule hospitalini.

"Hilo utaliandika mwenyewe," msimamizi alisema. "Kwa mkono wako, ulete kwangu."

"Nitaliandika."

"Na kesho mshipa ukikosekana, nimwite nani?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa. Aliwapitia wenzake mmoja mmoja. "Yule mrefu wa zamu ya mchana. Anachelewa kupata. Lakini asipopata, anajua."

"Sawa. Kesho saa mbili uje, lakini si wodini. Pita mapokezi, chukua kadi, kaa kwenye foleni ya daktari wa mishipa ya fahamu. Nitamwambia unakuja, ila foleni utapanga kama mgonjwa mwingine yeyote. Umenisikia, dada?"

Katika miaka kumi na tisa msimamizi hakuwahi kumwita dada. Neno hilo lilimtisha kuliko maneno mengine yote.

Simu ilikatika. Wanafunzi walikuwa wameanza kuosha meza, kila mtu akitafuta kitu cha kufuta.

"Tutakwenda wote," wifi alisema.

"Kesho una wateja kuanzia asubuhi."

"Nywele hazikimbii. Na ukikaa peke yako kwenye foleni utaanza kuwapangia wenzako dawa."

"Wakisema haviponi?"

"Sijui," wifi alisema. "Mimi ni msusi."

Wakakaa hivyo, pembeni ya sinki. Wifi alikuwa amevishika vile vidole viwili, shinani, chini ya bandeji, amevikaza. Muuguzi alijua kwa sababu alikuwa akivitazama.