Chetezo Huanza kwa Mwenyewe

"Chetezo kianze kwa Msabah," alisema Ismail, katibu wa Mheshimiwa, akimwonyesha kwa kidevu kijana mmoja aliyevaa suti ya kijivu kule mbele. "Mheshimiwa leo mgeni tu, atakuwa safu ya tatu. Umenifahamu, mzee wangu?"

"Nimekufahamu," alisema Mbarouk, akaendelea kupuliza makaa.

Hakumfahamu hata kidogo. Alikuwa amechutama kwenye sitaha ya meli mpya, bandarini, rangi bado inanuka, na maulidi ya kuiombea dua yalikuwa yameshafika katikati. Miaka arobaini Mbarouk Simai alipitisha udi kwenye maulidi ya mji huu. Kazi yenyewe mtu angeweza kuicheka, kwani ni nini zaidi ya kuzunguka na moshi? Lakini ina adabu zake. Watu wanaposimama kumsalia Mtume, chetezo huanza kwa mwenye jambo: bwana harusi, mwenye nyumba mpya, mwenye duka. Baraka imfikie yeye kwanza, ndio wengine wapate. Wakubwa wote wa mji huu walishawahi kusimama na kungoja zamu yao nyuma ya muuza ndizi aliyemaliza kibanda chake.

"Kwani meli ya Msabah?" aliuliza.

Ismail akashusha sauti. "Ya kampuni. Kampuni imeandikishwa huko visiwa vya mbali, na mkurugenzi ndiye Msabah. Karatasi zote zina jina lake."

"Na Mheshimiwa?"

"Mheshimiwa hana meli, mzee. Ameshajaza fomu ya mali zake, katia na sahihi, kasema hana chombo, hata ngalawa. Na leo waandishi wapo, simu kila pembe." Akamwinamia zaidi. "Halafu ile hoteli ya Kendwa nshazungumza nao. Kilo mbili za udi kila wiki, gari inakuja kuchukua mlangoni kwenu. Ila leo mambo yende sawasawa."

"Hoteli nayo ya nani?"

"Ya kampuni," alisema Ismail, akaondoka.

Mbarouk akabaki na makaa yake. Alipokuwa akipanda alikuwa ameiona meli kwa nyuma. Chini ya jina lake paliandikwa bandari ya kwao, mji ambao hakuna baharia hata mmoja mle ndani aliyewahi kuutia machoni, na meli yenyewe haijapata kufika. Alijaribu kuusoma akashindwa, akaona si neno, wenyewe watakuwa wanaujua.

Ile Kendwa aliitaka. Tusimsingizie kuwa hakuitaka. Magoti yake yalikuwa yameshachoka na njia ya kutoka Amani mpaka Darajani, alikokuwa na kibanda chake cha udi na ubani. Tangu jana alasiri, Ismail alipomgusia kwa mara ya kwanza, alishajiona amekaa kibarazani kwake kama mwinyi, kikombe cha kahawa mkononi, gari ya hoteli inapiga honi.

Tabu ilikuwa kwa Bi Ummukulthum.

Huyo ndiye mama yake Mheshimiwa, bibi wa miaka themanini na ushei. Siku tatu nyuma alikuja mwenyewe Darajani na mkongojo wake, akakataa kiti, akasema, "Mwanangu kanunua meli, Mbarouk. Mwambie mkeo anipikie ule udi wenu wa zamani, si huu wa siku hizi sukari tupu. Na chetezo kianze kwake, nnakuomba. Baraka ya mwanangu isende kwa mtu wa pembeni."

"Inshallah, Bi Ummukulthum."

"Inshallah ya kweli, au ya kuniondoa hapa?"

"Ya kweli."

Basi alishaahidi. Na kama asingeahidi, je? Hapo ndipo roho yake ilipomsuta. Mikono yake ingekijua vipi kiti cha uongo, wakati miaka yote hiyo haijawahi kukikosea kiti cha kweli? Akatia udi kwenye makaa. Moshi ukapanda, mzito, ule wa zamani hasa.

Watu wakasimama. Sauti zikapanda pamoja, na Mbarouk akanyanyuka na magoti yake, akaenda mbele. Msabah alipomwona anakuja alinyoosha mkono mmoja, kama mtu anayepokea gilasi ya sharubati. Masikini, hakujua hata vipi mtu hufukizwa. Mbarouk akasimama mbele yake kidogo. Alimwonea huruma kijana wa watu, aliyepewa meli nzima asiyoweza hata kuiuza. Kisha akampita.

Akaipita safu ya kwanza. Akaipita ya pili. Huko nyuma Ismail alikohoa kikohozi kisichokuwa cha maradhi.

Mheshimiwa alimwona, na macho yake yakamwambia waziwazi: rudi. Mbarouk hakurudi. Alikiinua chetezo mpaka usawa wa kifua cha yule mtu, akangoja.

Na hapo mwili wa Mheshimiwa ukamsaliti. Mtu aliyelelewa na Bi Ummukulthum, akiletewa udi, mikono yake haiombi ruhusa kwa katibu. Joho likafunguka pande mbili, moshi ukaingia chini, viganja vikauvuta usoni, macho yakafumba. Kwa muda ule hakuwa mheshimiwa wa mtu. Alikuwa mtoto wa mama yake, siku ya Idi.

Alipofumbua macho, watu wote walikuwa wanamtazama.

Wa kwanza kumpa mkono alikuwa nahodha mstaafu aliyesimama ubavuni pake, mtu asiyejua fomu wala kampuni. "Mabruki, Mheshimiwa. Mungu akutilie baraka chombo chako."

Mheshimiwa akatupa jicho pembeni. Simu zilikuwa juu. Lakini atasema nini? Aseme si changu, aitupe dua yenyewe baharini, na kesho meli inatoka na roho za watu? Mtu anaweza kumwandikia mkubwa wa ofisi kwamba hana chombo. Kuikataa dua ya chombo chake, mbele ya chetezo, ni jambo jingine.

"Amin," alisema.

Wa pili naye akaja. "Mungu akulindie na tufani."

"Amin."

"Ikuletee kheri, wewe na wanao."

"Amin."

Wakajipanga mstari. Mbarouk aliendelea na safu zake polepole, kama ada, na kila alipogeuka alizisikia zile amin zinafuatana, na kila moja ilitoka kwa sauti kubwa kuliko iliyotangulia. Msabah, kule mbele, alikuwa ameshakaa chini amelegeza tai, anakula halua.

Ismail alimngoja penye ngazi. "Kendwa usiitegemee tena, mzee."

"Sikuitegemea," alisema Mbarouk, na huo ukawa uongo wake wa pili siku ile.

Mheshimiwa naye alikuwa anashuka. Akamshika mkono, akakaa nao kidogo. "Udi huu kapika nani?"

"Mke wangu, Rahila."

"Na mama alikuja kwako?"

"Alikuja."

Mheshimiwa akatikisa kichwa, nusura acheke, akaingia garini. Kama alikasirika au vipi, Mbarouk hakuweza kujua, na njiani hakujisumbua sana kulifikiria. Alikuwa na furaha ya ajabu, furaha ya mtu aliyetoka kwenye kazi na hakuiharibu.

Jua lilikuwa halijazama alipofika Amani. Bi Rahila alikuwa uani, anakoroga sufuria ya udi.

"Kendwa je?" aliuliza, hata salamu hajaitikia.

"Hamna Kendwa."

Mwiko ukasimama. "Ulianza kwa nani?"

"Kwa mwenyewe."

Bi Rahila alimtazama, akakoroga tena mara mbili tatu, kisha kicheko kikamshika mpaka akauweka mwiko chini. "Basi kesho unakwenda Darajani na magoti yako."

"Nnakwenda."

Mbarouk akatoa mfukoni kipande cha udi kilichobaki, akachukua chetezo chao cha udongo kilichopasuka mdomo, akateka makaa mawili jikoni mwa mkewe. Moshi ulipoanza kupanda alisimama akaitazama nyumba. Vyumba viwili na ua, Rahila kaachiwa na babake. Hati ina jina la mkewe, na miaka thelathini hakuna aliyehitaji kuitoa sandukuni.

Akauvuka ua, akakiinua chetezo mbele ya mkewe.

Bi Rahila akafuta mikono yenye sukari, akasimama wima, akafungua kanga yake pande mbili, akafumba macho.