Kasoro za Baba Glory

Mimi mdomo ninao, sikatai. Kijiji kizima cha Masieda wanajua. Lakini mume wangu Onesphory, Baba Glory, ni mtu wa "ndiyo" na "pole" tu, ndiyo maana nilishangaa jirani yetu Festo alipomshtaki eti ametishia kumuua. Mbuzi wetu waliingia kwenye maharage yake, naye akaapa kwamba Baba Glory alisimama mpakani akanguruma mpaka ng'ambo ya bonde wakasikia. Hapo ni jela, si mchezo.

Wakili wetu Evaline, binti mdogo tu, aliniambia nitakuwa shahidi. Nikajiandaa kumsifia mzee wangu kama watu wanavyomsifia marehemu. Nilipopanda kizimbani akaniuliza swali lake.

"Mama, mumeo ana kasoro gani?"

Jamani. Nikadhani binti amehamia upande wa Festo. Lakini nimeshaapa kusema kweli, basi nikaanza na viatu vyake vya matope anavyoingia navyo hadi chumbani. Nikafika kwenye zizi analoacha wazi kila siku. Hapo hasira zikapanda. Nikamgeukia mwenyewe, nikamnyooshea kidole, nikamfokea kwamba ni goigoi, mzembe, na balaa hili lote katuletea yeye. Mwendesha mashtaka alisimama kupinga, hakimu akamwashiria akae. Wote wakawa wanamtazama Baba Glory. Naye kainamisha kichwa, anatabasamu, ananiambia ni kweli Mama Glory, pole.

"Amewahi kukujibu kwa ukali?" Evaline akauliza.

Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza. Nikasema hajawahi, na machozi yakanitoka mbele ya hakimu, maana nampenda mtu yule kuliko nilivyowahi kumwambia.

Hakimu alisema ushahidi wa Festo una mashaka, akamwachia huru Baba Glory.

Tulipotoka nje nikamkung'uta vumbi begani, nikamwambia Festo ni mwongo wa kutupwa.

"Si mwongo sana," akasema. "Nilimwambia nitamkata panga. Ila nilimwambia polepole."

Nikamuuliza kwa nini.

"Alisema mdomo wako ungefaa kufungwa kamba kama wa ndama."

Maneno ya kumfokea nilikuwa nayo, ya kutosha njia nzima hadi Masieda. Nikayameza. Nikamshika mkono, mchana kweupe, katikati ya mji wa Mbulu, watu wakitutazama, na sikumwachia.