Kipande Hakitupwi

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu unajulikana mtaa mzima. Nimebishana na maharusi walionenepa wiki ya mwisho kisha wakailaumu tepu yangu ya kupimia, na hakuna aliyeniweza. Kwa hiyo mjukuu wangu wa kike alipokataa kukalia poti yake ya choo nilicheka. Mtu hafiki hata kiunoni kwangu, ataniweza wapi? Nikasema tutaona nani atachoka kwanza. Nilichoka mimi.

Tulimwita Meneja, na alikuwa anakaribia kutimiza miaka mitatu. Tangu alipojua kukaa, ofisi yake ilikuwa chini ya meza yangu ya kukatia, na akiwa pale hakuna lililompita. Mama yake, binti yangu, alikuwa amezunguka kutafuta kazi mpaka soli za viatu zikalika, na sasa alikuwa ameipata: mpishi wa shule ya bweni, na chumba humo humo shuleni. Watoto wa wafanyakazi walipokelewa kwenye chekechea yao kwa sharti moja tu, mtoto asiwe wa nepi. Kazi ilikuwa inaanza Jumatatu. Nilijitolea kubaki na Meneja, lakini binti yangu alikwisha kusema kwamba bila mwanawe haendi popote, na yule kichwa chake amekirithi kwangu.

Sasa nieleze kidogo shughuli zangu zinavyokwenda. Mle kwangu kipande hakitupwi. Kinachoanguka kutoka kwenye mkasi, hata kiwe chembamba kama kidole, kinaingia kwenye kiroba pale kwenye kona, maana leo ni takataka na kesho ni mfuko wa shati la mtu. Nguo iliyokwisha ni habari nyingine. Hiyo naipiga pasi, naitundika kwenye waya karibu na mlango, na mwenyewe akija naipitishia kiganja mara ya mwisho na kuiambia, "Nenda salama, usinirudie." Wateja hucheka. Mimi sitanii. Nguo inayorudi ni nguo iliyonishinda.

Mwenye kiroba alikuwa Meneja. Alitambaa chini ya meza akiokota vipande kimoja kimoja, anakinyoosha kwenye paja lake kama anavyoniona mimi nikifanya, kisha anakwenda kukitia. Nikisahau kimoja sakafuni ananitazama kama mkaguzi.

Mkojo haukumpa shida. Shida ilikuwa choo kikubwa. Mara ya kwanza alipokipata kwenye poti tulishangilia nyumba nzima, hata fundi viatu wa mlango wa pili akaacha gundi yake akaja kupiga makofi. Meneja aliinama, akatazama alichokifanya, uso umemjaa fahari. Mimi na haraka zangu nikaibeba poti, nikamwaga chooni, nikavuta maji. Alikuwa nyuma yangu. Hakulia. Aliyatazama maji yakizunguka mpaka yakatulia, akarudi ofisini kwake. Kuanzia siku hiyo aligoma.

Na mgomo wenyewe, jamani. Nimeona watu wazima wakivunja mifungo yao, wakivunja ahadi, wakivunja ndoa, lakini sijaona mtu mwenye msimamo kama yule mtoto. Haja ikimjia, alishika mguu wa meza kwa mikono miwili, akabana matako, vidole vya miguu vikajikunja, jasho likamtoka puani. Machozi yalimlengalenga. Haja ikipita, anapumua, anaendelea na vipande vyake. Siku zikapita hivyo. Tumbo likawa gumu kama mpira. Nilikaa nikimwangalia huku mguu wangu umesimama kwenye pedali, nikajiuliza nguvu hizi anazitoa wapi, na anazitumia kulinda nini.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Fundi viatu alisema tumpe peremende. Tukampa, akala peremende. Mama yake akaipamba poti kwa picha za paka, na Meneja akawasalimia paka kwa adabu na kukataa kukaa. Tulimpeleka kwa muuguzi, mama mpole mwenye mikono ya baridi, akambonyeza tumbo na kusema mtoto hana ugonjwa, anazuia mwenyewe. Akatupa dawa ya kulainisha, akasema tumpe papai na maji kwa wingi, ila kuna jambo linamtisha, na hilo halina dawa. Nikamwambia huyu haogopi kitu, huyu anaogopwa. Muuguzi akasema basi kuna jambo hakubaliani nalo.

Ijumaa mchana binti yangu aliweka chini mkoba aliokuwa anaufungasha. Alisema hataki kumwona mtoto akiumia kwa ajili ya kazi, na kwamba atawapigia simu watafute mpishi mwingine. Nilimjia juu. Nilimwambia kazi kama ile haiokotwi barabarani, akanijibu kwamba na mtoto pia haokotwi. Akatoka kwenda kununua vocha ya simu. Roho iliniuma. Nilimjua mwanangu, alivyoipika ile kazi kichwani usiku na mchana hata kabla hajaipata.

Kwa hasira nikarudi kwenye mashine. Nilikuwa namalizia gauni la mteja aliyekuwa amekaa ananisubiri, na nilipokata pindo, kikaanguka kipande kidogo, chepesi, kisicho na maana. Nikakichukua nikakirusha nje ya mlango.

Meneja alitoka chini ya meza. Alikwenda nje na tumbo lake gumu, polepole, akakiokota, akakipangusa vumbi, akakitia kwenye kiroba. Halafu akaja akasimama mbele yangu.

"Bibi, kipande hakitupwi," alisema. Kisha akanyoosha kidole chooni. "Changu ulitupa."

Mkasi ulinitoka mkononi. Nimeishi miaka mingi na nimesikia maneno mengi, mengine ya watu wenye vyeo na miwani, lakini hakuna lililonisimamisha vile. Huyu mtoto alikuwa ameisikia sheria yangu akiwa bado anatambaa, akaiamini kuliko ninavyoiamini mimi, na mwili wake wote akaufanya kiroba. Yale maumivu yote hayakuwa ukaidi. Alikuwa mwaminifu, na mimi ndiye niliyevunja sheria ya nyumba mbele ya macho yake.

Nilitaka kumwambia kile ni uchafu, nikaumeza ulimi. Ungeniambia kwamba nilichokitoa tumboni mwangu kwa fahari ni uchafu, hata mimi ningegoma. Nikafanya nilichokijua, nikalipiga pasi lile gauni, nikalipitishia kiganja. Nenda salama, usinirudie. Mteja akalipokea, akatoka nalo. Meneja alimfuata kwa macho mpaka akapotea kwenye kona ya mtaa.

"Gauni limekwisha?" aliuliza.

Nikamwambia limekwisha.

"Limekwenda?"

Nikamwambia limekwenda, ndivyo nguo ikikwisha, inakwenda.

Alisimama pale akifikiri. Nawaambieni nilimwona akifikiri, kama unavyoona maji yakikaribia kuchemka. Kisha akaenda kuichukua poti yenyewe, akaiburuta mpaka chini ya ule waya wa nguo zilizokwisha, akavua chupi, akakaa. Alishika pindo la sketi yangu. Alikunja uso, akaguna, akalia kidogo, akaguna tena, na mimi nikaguna naye bila kujijua, mwanamke mzima. Na kazi ikafanyika. Kazi kubwa, nisiwafiche.

Akasimama, akainama, akaniuliza kama imekwisha. Nilivaa miwani. Nikaikagua kama ninavyokagua mshono wa suti, nikamwambia imekwisha na haina kasoro hata moja. Tukaibeba pamoja. Pale chooni akanyoosha kiganja aipitishie mara ya mwisho, nikamdaka mkono hewani, uaminifu nao una mipaka. Akapitisha kiganja kwa juu tu. Akamwaga.

"Nenda salama, usinirudie," alisema, na akavuta maji mwenyewe.

Binti yangu alitukuta tumekaa sakafuni mlangoni pa choo, mimi nalia, Meneja ananifuta machozi kwa kipande. Nilipomsimulia aliketi na yeye. Tulimtazama yule mtu mdogo mwenye tumbo laini, ametangulia kurudi ofisini kwake. Simu haikupigwa.

Jumamosi alikwenda tena, na Jumapili pia, na kila safari aliipa baraka zake. Jumatatu asubuhi mabegi yalikuwa mlangoni, na poti juu ya mabegi. Nilikuwa nimemshonea gauni la shule, nikamnyoosha kola, nikampitishia kiganja mabegani. Alisimama wima chini ya ule waya, kidevu juu, akisubiri. Alijua maneno yanayofuata.

"Nenda salama," nilisema, nikamfunga kifungo cha kola. "Wewe unirudie."

Akanitazama kwa ule uso wake wa ukaguzi. Nilikuwa nimekosea maneno, na alitaka kujua kwa nini. Akautazama mlango, akautazama waya, akakitazama kiroba kwenye kona.

"Mimi kipande, Bibi?"

"Ndiyo," nilimwambia. "Wewe kipande changu."

Akaridhika. Akaushika mkono wa mama yake, wakatoka.