Kura Moja ya Arthur

Barza ya Asumani fundi cherehani ilikuwa na kelele kuliko soko, na msidhani natia chumvi. Kila siku baada ya swala ya alasiri wanaume wa mtaa walikuja pale na vigoda vyao, wakanywa kahawa yake, wakabishana mpaka muadhini awaite kwa magharibi. Walibishana juu ya mpira, juu ya bei ya kitambaa, juu ya babu wa nani aliyetangulia kufika Kisangani. Asumani alishona huku akichochea. Mkono kwenye gurudumu, mguu kwenye ubao, mdomo kwenye maneno ya watu. Mkewe Safi alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, na alibaki na binti mmoja tu, Nyota. Kelele ile ya alasiri ndiyo iliyomwondolea upweke, na alisema hivyo waziwazi, bila haya.

Ikaja Mei ya mwaka wa sitini. Wabelgiji walisema wanaondoka mwisho wa mwezi wa sita, kwa hiyo wanaume wote waende kupiga kura, wachague wajumbe, na wajumbe hao wakakae Léopoldville wamchague rais. Rais! Neno lenyewe lilikuwa jipya mdomoni, watu walilitamka polepole wasije wakaliharibu. Wanawake hawakuitwa. Nyota aliuliza kwa nini, na baba yake akamwambia alete kahawa.

Majina yaliyozungumzwa mtaani yalikuwa mawili. La kwanza, Hemedi, mfanyabiashara mwenye malori mawili ya njia ya Banalia, Mwislamu, mtoto wa papo hapo mtaani. La pili, Arthur, muuguzi wa zahanati, Mkristo, mtoto wa mvuvi wa kule kwenye maporomoko.

"Hemedi njo mutoto wetu," alisema Yakubu, mchinjaji, rafiki wa Asumani tangu utotoni. "Anasali na sisi. Akikuwa mukubwa kule Léo, sisi wote tutakuwa wakubwa."

"Wakubwa wa nini?" Asumani hakuinua hata macho. "Ule mutu ameahidi lami mpaka Banalia, masomo ya bure, na umeme kila nyumba. Amebakisha mvua tu."

Watu wakacheka. Siku hizo bado walikuwa wanacheka.

"Na Arthur wako amekuahidi nini?"

"Hapana kitu. Nilienda kumusikiliza kule Simi-Simi. Mutu moja akamuuliza, Wazungu wakienda, treni ikiharibika nani atatengeneza? Arthur akasema, sijui, tutatafuta pamoja. Bon. Mimi nikasema, huyu njo mutu wangu. Nina miaka makumi tano na tatu, sijasikia mukubwa hata moja anasema sijui."

"Alors unataka rais wa wajinga!"

"Wajinga iko wengi. Nao wanahitaji mutu wao."

Vicheko tena, na Yakubu akampiga bega kwa nguvu, sindano nusura impitie kidole. Basi mambo yangebaki hivyo, watu wanachokozana, kahawa inakwisha, wanakwenda kusali. Lakini kura ni kitu cha ajabu. Kadiri siku ilivyokaribia ndivyo watu walivyoacha kucheka. Jumapili moja wanaume waliitana uani kwa Yakubu wakakubaliana: mtaa mmoja, jina moja, Hemedi, na asiyetaka si mwenzetu. Walipita mmoja mmoja wakimpa Yakubu mkono. Ilipofika zamu yake, Asumani aliweka mikono nyuma.

"Kichwa ni yangu," alisema. "Hamukuniazimisha."

Yakubu aliushusha mkono wake. "Basi kaa nayo," akasema.

Kesho yake hakuna kigoda kilicholetwa. Asumani aliteleka kahawa kama kawaida, akasubiri, ikapoa, akaimwaga mtaroni. Kesho kutwa yake vilevile. Alipopita njiani aliwatolea watu salamu ya dini, ile ambayo kuijibu ni wajibu, na watu waliangalia miguu yao. Hilo lilimuuma kuliko matusi. Cherehani ililia peke yake barzani mchana kutwa, na mara kwa mara aliisimamisha akisikia kama hatua za mtu. Hapakuwa na mtu. Usiniambie kwamba mwanaume mzima halii kwa kukosa wa kubishana naye, maana Asumani alilia, akasema ni vumbi la kitambaa.

Halafu akaja bibi Aziza. Aziza ndiye aliyekuwa kiongozi wa moto wa arusi zote za mtaa. Pale kwao nyumba ya bibi arusi haijipikii. Alfajiri ya siku yenyewe wanawake huja na sufuria zao na kuni zao, wanawasha moto uani, wanapika wali, nyama na pondu ya majani ya muhogo wakiimba mpaka koo zikauke. Nyumba ikijipikia yenyewe imetangaza kwamba haina watu. Na arusi ya Nyota na Sefu, kijana wa Lubunga ng'ambo ya mto, ilikuwa imepangwa Alhamisi ya wiki iliyofuata uchaguzi.

"Fundi, mimi sikukuja kugombana," alisema Aziza. Hakukaa. "Waume wetu wamesema, ukimupa kura ule Arthur, hatutawasha moto kwako. Mimi nilimubeba Nyota akiwa na siku moja. Unifikirie na mimi."

"Mutoto amekosa nini?"

"Hakukosa. Donc usimukoseshe wewe."

Usiku kucha Asumani alimwona Nyota kichwani mwake, ameinama juu ya sufuria, anapika wali wa arusi yake mwenyewe mbele ya wakwe. Asubuhi ya uchaguzi alivaa kanzu yake safi akaenda bureau ya mtaa, pale pa kupigia kura. Aliingia nyuma ya pazia. Karatasi ilikuwa na majina na picha ndogo, taa kwa Hemedi, mtumbwi kwa Arthur. "Nisamehe, mutoto wa watu," alimnong'oneza Arthur, ambaye hakuwapo na ambaye hakumjua hata jina. Akatia alama kwenye taa.

Alipotoka alimwendea Yakubu moja kwa moja. "Nimemupa Hemedi."

"Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu."

Yakubu alimkumbatia mpaka kofia ikamwanguka. Jioni ile vigoda vilirudi vyote. Kahawa ilitelekwa mara tatu. Aziza alimtuma mtu kuuliza mchele kilo ngapi. Asumani alicheka kupita kiasi, akamjibu kila mtu kwa sauti ya juu, na kila alipotulia kidogo aibu ilimrudia. Aliinywea kahawa.

Siku ya nne wakasoma hesabu ya bureau yao mbele ya watu. Hemedi, kura mia na kumi na nane. Arthur, kura moja.

Hakuna aliyeuliza ni nani. Vichwa vyote viligeuka kwa pamoja, vikamtazama fundi.

"Hapana mimi," alisema Asumani.

"Uongo tena juu," alisema Yakubu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumizwa kweli. "Afazali ungekaa na kichwa yako. Lakini kunikumbatia, ukataja Mungu!"

"Yakubu, ndugu yangu, hapana mimi!"

Yakubu alikwisha kumpa mgongo.

Ijumaa, baada ya swala, mwalimu Alfani, aliyesalisha msikiti ule, aliwazuia watu wasitoke. Alikuwa mzee wa haki, hakupenda mtu ahukumiwe bila kusikilizwa. Aliweka msahafu juu ya kiti chake cha kusomea. "Asumani, njoo," alisema. "Weka mukono, apa kwamba kura ile haikuwa yako. Ukiapa, maneno yamekwisha, na wamama watapika."

Asumani alisimama, na moyo ulimruka kwa furaha. Ilikuwa rahisi hivyo! Maana ni kweli, wallahi, haikuwa yake. Angeweka mkono, angesema, na Alhamisi Aziza angekuja na kuni, hata watoto wangezibeba. Aliiona arusi yote. Alianza kutembea kati ya mistari ya watu.

"Na akiapa," ilisema sauti ya Yakubu nyuma yake, "sisi wote tuape. Moja moja. Mupaka tumupate."

"Ni haki," alisema mwalimu. "Wote."

Asumani akasimama katikati ya msikiti.

Hapo ndipo ilipomwingia akilini, naye alikuwa mzito wa kuona jambo lililo wazi: kama si yeye, basi ni mwingine. Kulikuwa na mtu. Mtu wa mtaa ule ule, aliyempa Yakubu mkono pale uani kama wenzake, aliyeacha kuleta kigoda, aliyeangalia miguu yake aliposalimiwa. Na mtu huyo alikwenda nyuma ya pazia peke yake, akatia alama kwenye mtumbwi. Pengine alikuwa amesikia maneno yale ya Simi-Simi hapo hapo barzani, akayapenda, akanyamaza. Pengine alisema moyoni, angalau tutakuwa wawili, mimi na fundi. Wawili! Na fundi akamwacha.

Alitazama nyuso. Aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Hemedi mwenyewe hakuwapo. Walikuwapo washonaji wenzake, wauza chumvi, watengeneza vitanda, wazee wenye vijiti vya meno. Alitafuta jicho linalokwepa, jasho, koo linalomeza mate. Lakini kila mtu alimtazama kwa macho yale yale makavu. Mmoja kati yao moyo wake ulikuwa unapiga kama wa kuku aliyeshikwa miguu, na Asumani hakuweza kumjua. Baada ya dakika chache mtu yule angeitwa mbele ya msahafu, aape uongo juu ya kitabu cha Mungu au aseme kweli apoteze mtaa wake. Alikuwa na watoto, labda. Alikuwa na binti, labda.

"Fundi," alisema mwalimu kwa upole. "Tunakungoja."

Asumani alimfikiria Nyota. Nataka mjue kwamba alimfikiria, na kwamba ilimkata roho.

"Musipoteze wakati ya watu," alisema. "Ni mimi."

Walitoka kimya, wakavaa viatu vyao, na walipompita walijikunja kidogo wasimguse.

Alhamisi alfajiri Nyota aliwasha moto wake mwenyewe. Baba yake alimwambia ukweli? Hakumwambia. Angemwambia, na Nyota angelia kwa Aziza, na Aziza angesema kwa mumewe, na mtu yule angetafutwa upya. Alimwambia tu, "Nimekukosea, mama," akachukua kisu akakata vitunguu. Walipika wawili, bila wimbo. Walipika wali mwingi kupita kiasi, kwa sababu Asumani alikataa kupunguza. Jirani alifungua dirisha, akaona moshi uani kwao, akalifunga.

Watu wa Sefu walivuka mto kwa pirogi, wanane na mabegi yao, wamevaa vizuri, wakafika wakatazama mikeka mitupu iliyotandikwa kwa watu mia moja. Mama yake Sefu aliuliza, "Watu wenu wako wapi?" na Asumani akasema wanakuja. Mwalimu Alfani alikuja kufungisha ndoa, maana hiyo ni kazi ya Mungu. Alipomaliza alifunga kitabu chake akaondoka, kahawa yake imejaa kikombeni.

Asumani alikaa mlangoni. Kila hatua barabarani ilimwinua. Alijiambia, atakuja. Hatakaa, hatakula, anaweza hata kujifanya ameleta suruali ya kushona, ataniangalia tu mara moja nami nitajua. Mmoja akapita, akazuga na mnyororo wa baiskeli yake, akaenda. Yakubu akapita upande wa pili wa njia, haraka, kichwa chini. Asumani aliwaza, hata Yakubu? Wazo hilo lilimtisha, akaliacha. Wengine walipita, na kila mmoja angeweza kuwa ndiye. Wali ulianza kushika ukoko. Alitenga sahani moja, nyama nzuri juu yake, akaifunika.

Jua lilipoanza kushuka, watu wa Lubunga wakasema mto haungoji giza. Nyota akatoka na shela lake na sanduku lake dogo, akamkuta baba yake bado amekaa pale pale, macho barabarani.

"Papa, unangojea nani?"

"Mutu moja."

"Nani?"

"Simujui," alisema Asumani, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, mbele ya wakwe na ya barabara nzima.

Nyota alidhani analiliwa yeye. Akapiga magoti, akamfuta uso kwa ncha ya shela, akamwambia asilie, Lubunga si mbali, atavuka kila Ijumaa kuja kumtazama.