Sauti ya Bi Pasi Ikiwa Kazini

Kila siku saa kumi na dakika kumi alasiri, Fundi Saa alifunga dirisha la karakana yake, akanawa mafuta ya mashine vidoleni kwa sabuni ya unga, akaingia ndani kusikiliza santuri. Alikuwa nazo thelathini na moja, zote nyimbo laini za zamani, zile zilizopigwa kwenye kumbi za hoteli: kinanda kisicho na haraka, fidla nyuma yake, na mtu anayeimba kama ameegemea bega lako. Aliyoipenda kuliko zote, na aliyoanza nayo kila siku, ilikuwa na picha ya mwanamke kwenye jalada, mabega wazi, hereni ndefu. Alipenda hasa pale mwimbaji anapovuta pumzi kidogo kabla ya neno la mwisho, kama mtu aliyesita mlangoni.

Nyumba ya pili, ukuta mmoja, walikuwa wamehamia Bi Pasi na binti yake. Bi Pasi alikuwa dobi wa hoteli hadi alipostaafu, na sasa alipiga pasi nguo za majirani. Tangu ahamie, kila ilipofika saa kumi na robo sauti ilimtoka, ikamrudia santuri ilipokwisha. Hakwenda hospitali, maana alijua sauti ilikokwenda. Aliisikia ukutani.

Jumanne moja binti yake, mwenye kifafa, alianguka akipiga pasi. Mwili wake ukaziba mlango, na pasi ikamlalia mkononi. Bi Pasi alikuwa uani. Alisikia harufu, akausukuma mlango, haukufunguka. Akafungua kinywa kuita watu, na kinywa hakikuwa na kitu. Akaupiga ukuta kwa ngumi. Fundi Saa alizisikia ngumi hizo, zikienda vizuri tu na kinanda. Akafurahi kwamba jirani naye ni mpenzi wa muziki, na kwa heshima yake akaongeza sauti.

Upande wa kwanza ulipokwisha, Bi Pasi alipiga yowe, na Fundi Saa mwenyewe ndiye aliyekuja kusukuma mlango kwa bega.

Siku iliyofuata Bi Pasi alishinda hospitalini na binti yake. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa jirani, lakini santuri ilikuwa tayari inazunguka.

"Karibu, dada. Mgonjwa anaendeleaje?"

Bi Pasi alichezesha midomo. Fundi Saa akamvutia kiti, akadhani ni uchovu. Wakasikiliza pamoja mpaka upande ukaisha.

"Hiyo sauti ni yangu," Bi Pasi alisema.

"Hata mimi huona hivyo hivyo. Ukiisikia unahisi ni yako." Akaigeuza santuri, akashusha sindano.

Bi Pasi akakaa kimya dakika ishirini nyingine, mikono mapajani. Sindano ilipoinuka, alisema upesi, "Kaka, usiiguse hiyo mashine. Nilikuwa napeleka vitambaa vya meza ukumbini, huku naimba zangu. Mwenye studio akanisikia. Wakasema sauti ninayo, sura sina. Huyo kwenye jalada ni mkewe. Mimi nikadhani ni kama kupigwa picha, kwamba ukishapigwa sura unabaki nayo. Jana ulikuwa unaitumia, na mwanangu anaungua."

Kabla ya neno "anaungua" alivuta pumzi kidogo. Fundi Saa aliijua pumzi ile. Alikuwa ameisubiri kila alasiri kwa miaka kumi na minane.

Akaiweka santuri juu ya kabati. Siku zilizofuata alikaa alasiri na zile thelathini nyingine, akaziona zote zimepoa. Saa alizotengeneza wiki hiyo zilirudishwa na wenyewe, zinachelewa.

Miongoni mwa wateja wake alikuwa mtangazaji wa redio, mtu mpole mwenye kipindi cha nyimbo za zamani kila Jumamosi asubuhi. Fundi Saa alimweleza habari yote. Mtangazaji alisikiliza huku akifunga mkanda wa saa yake.

"Yapo hayo," alisema. "Kuna mzee wa tarumbeta alituandikia kwamba hukosa pumzi kila tukimpiga hewani. Mlete mama. Watu wamjue."

Jumamosi Bi Pasi alivaa gauni aliloliweka kwa ajili ya harusi ya binti yake, harusi ambayo haikuwa. Binti mwenyewe alibaki nyumbani na bendeji yake, redio mbele yake, kumsikia mama akijitaja. Fundi Saa akamsindikiza hadi kituo cha redio. Studioni walimpa maji ya uvuguvugu na kumsogezea kipaza sauti. Taa nyekundu ikawaka.

"Leo tuna mgeni mkubwa," mtangazaji aliwaambia wasikilizaji. "Lakini kabla hajasema neno, tujikumbushe."

Bi Pasi alimshika mkono. Wimbo ulikuwa umeshaanza.

Ulipokwisha, alisema, "Mimi ndiye niliye..." Simu zilikuwa zinawaka zote. Msikilizaji wa kwanza alikuwa analia, akaomba urudiwe. Wa pili aliutaka kwa ajili ya mumewe aliyelazwa. Mtangazaji hakuwa mtu wa kumnyima mgonjwa. Aliurudia mara nne, kisha muda wa kipindi ukaisha. Akamshukuru mgeni kwa utulivu wake, akawatangazia wasikilizaji jina la mke wa mwenye studio, kama lilivyoandikwa kwenye jalada. Akaahidi kwamba kuanzia Jumatatu wimbo huo utafungua kipindi cha asubuhi na cha jioni.

Fundi Saa na Bi Pasi walirudi kwa miguu. Hakuna aliyezungumza, ingawa kwa wakati ule wote wawili waliweza. Mbele ya duka la vitambaa walikuta watu wamesimama, redio ya mwenye duka ikiwa juu ya kaunta. Kituo kilikuwa kimeupiga tena. Mwanamke mmoja mwenye kikapu alimgeukia Bi Pasi.

"Mama, wewe wa zamani unajua. Siku hizi hakuna mwimbaji kama huyu, sivyo?"

Bi Pasi alimtazama, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Pembeni yake, Fundi Saa aligundua kwamba mguu wake unafuata kinanda. Aliutazama ukipiga chini, taratibu, bila kukosea. Hakuusimamisha.